Mwajabu na Ngazi ya Dukani

Mwajabu alikuwa msichana wa miaka sita. Mama yake alikuwa fundi cherehani mjini, kwenye mtaa wa maduka madogo madogo yaliyobanana.

Kutwa nzima cherehani ya Mama ililia. Tiki-tiki-tiki-tiki.

Mlangoni palikuwa na ngazi moja. Ilikuwa ya juu, ya mawe, imemegeka pembeni. Mwajabu aliiruka kila siku. Hop!

Lakini rafiki yake Kombo hakuweza kuiruka. Kombo alitumia kiti cha magurudumu.

Watoto wengine walipimwa sare za shule ndani, nyuma ya pazia. Kombo alipimwa nje, kando ya barabara.

"Nyanyua mikono, baba," Mama alimwambia.

Watu walipita, wakatazama. Kombo akainamisha kichwa.

"Sipendi kupimwa hapa," alimnong'oneza Mwajabu. "Na mimi nataka kuingia ndani."

"Utaingia," akasema Mwajabu.

Mwajabu akatafuta ubao. Akauegemeza kwenye ngazi. Kombo akapanda kidogo, kidogo.

Krrr... pu! Ubao ukateleza. Mama akakimbia, akakidaka kiti.

"Basi, mwanangu," Mama akasema. "Mtaumia."

"Bado sijachoka," akasema Mwajabu. "Nitajaribu tena."

Jirani alikuwa anajenga. Mwajabu akamwomba mchanga. Akaubeba kwa ndoo yake ndogo. Akaumwaga mbele ya ngazi, akaushindilia kwa miguu. Du, du, du.

Jioni ikaja mvua. Shaaa! Mchanga wote ukaenda na maji.

Mwajabu akausindikiza kwa macho mpaka mtaroni.

"Bado sijachoka," akasema, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitajaribu tena."

Siku moja akaja mgeni. Alivaa viatu vyenye vumbi na kofia pana. Aliitwa Bi Haika, na alifanya kazi katika ofisi ya jiji.

"Hodi, Mama Mwajabu."

"Karibu, dada."

"Jiji linasaidia maduka madogo ya mtaa huu," akasema Bi Haika. "Tunataka yatengenezwe mbele, yapendeze, wateja waingie. Si mkopo. Ni msaada. Lakini unatosha kazi moja tu. Wewe unataka tukutengenezee nini?"

Mama hata hakufikiri. "Kibao," akasema. "Kibao kikubwa, chenye maandishi mekundu. Changu kimefutika. Watu wanapita, hawajui kama hapa kuna fundi."

Mwajabu akamvuta Mama kanga. "Mama, na ngazi je?"

"Mwanangu, bila wateja tutakula nini?"

Mwajabu akaiachia kanga. Mama alikuwa amekingoja kibao hicho muda mrefu sana. Mwajabu alilijua hilo.

"Fikiri vizuri, dada," Bi Haika akasema. "Nitapita kesho."

Jioni ile Mwajabu alikaa juu ya ngazi, mashavu mikononi. Aliwaza. Akawaza tena.

"Bado sijachoka," akasema polepole. "Nitajaribu tena."

Asubuhi alichukua futi ya kupimia nguo. Akamshika Mama mkono, akamtoa nje mpaka kando ya barabara.

"Simama hapa, Mama. Nataka kukupima."

Mama akacheka. "Haya, fundi wangu."

"Nyanyua mikono."

Mama akanyanyua. Mwajabu akaizungusha futi kiunoni. Baiskeli ikapita, kring kring! Mwenye baiskeli akageuza shingo. Wanafunzi wakasimama kutazama. Mmoja akacheka.

Mama akashusha mikono haraka. "Twende ndani, mwanangu. Watu wanatutazama."

"Kombo naye wanamtazama," akasema Mwajabu. "Ila yeye hawezi kwenda ndani."

Mama akageuka. Akaiangalia barabara. Akaiangalia ngazi.

Kisha akamshika Mwajabu begani. "Kweli, mama," akasema. "Kweli kabisa."

Bi Haika aliporudi, Mama alikuwa anamngoja mlangoni.

"Dada, nimefikiri," Mama akasema. "Nivunjieni ngazi hii. Nitengenezeeni njia ya mteremko, kiti cha magurudumu kipite."

"Na kibao?"

"Kibao kitasubiri."

Mafundi wakaja na nyundo. Go! Go! Go! Ngazi ikavunjika. Wakachanganya saruji. Kwaru, kwaru, kwaru. Wakalaza mteremko mpana, laini, wenye chuma cha kushikilia.

"Msikanyage," fundi akasema. "Mpaka ukauke."

Mwajabu alikaa kando akiulinda. Kuku akaja. "Shii!" Mbuzi akaja. "Shii! Usikanyage!"

Mteremko ulipokauka, Kombo akaja na mama yake.

"Nikusukume?" Mwajabu akauliza.

"Hapana," Kombo akasema. "Nitapanda mwenyewe."

Akashika magurudumu. Akasukuma. Kwii. Akapumzika. Akasukuma tena. Kwii, kwii, kwii.

Akaingia.

Kombo akatazama huku na huku. Kulikuwa na vitambaa vya bluu, vya njano, vya maua. Kulikuwa na kopo limejaa vifungo. Akaingiza mkono ndani yake, akavichezesha. Chaka-chaka-chaka.

"Nyanyua mikono, baba," Mama akasema.

Mama akalivuta pazia. Nyuma yake, Kombo akanyanyua mikono juu kabisa. Hakuna aliyetazama.

Kuanzia siku hiyo wengine nao waliutumia mteremko. Bibi mwenye mkongojo alipanda na kitenge chake. Mama mmoja mwenye mapacha alipanda na watoto wake, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Naye Mama Mwajabu alitundika gauni jekundu mlangoni kila asubuhi, ili wapitao wajue kuwa hapa kuna fundi.

Usiku Mwajabu alilala kitandani. Mama akamfunika shuka.

"Mama."

"Naam."

"Duka la vitabu nalo lina ngazi."

"Ni kweli."

"Na kinyozi pia. Kombo ananyolewa nje."

Mama akazima taa. "Kesho tutaenda wote kuongea na kinyozi," akasema. "Tutamchukua na Kombo."

"Asubuhi?"

"Asubuhi na mapema. Sasa lala."

Mwajabu akafumba macho, akalala.