Mgeni Asiyekunywa Chai

Jioni ile nilitoka kununua pini tu. Pini na pamba.

"Mama Nondo!" muuza duka akanichokoza kama kawaida yake. "Leo unamwaga zege?"

"Zege likukaukie mdomoni," nikamjibu, akacheka mpaka akakosea chenji.

Si nondo za kujengea. Ni nondo wadudu, wale vipepeo wa usiku wanaojigonga kwenye balbu hadi wanakufa. Tangu nistaafu ualimu nawakusanya, nawatambua na kuwaandika kwa ajili ya makumbusho, kila mmoja na mahali nilipomkuta. Wa ukanda wetu nawafahamu wote, isipokuwa mmoja. Mkubwa, wa kijivu, ana doa jekundu bawani kama jicho lililokesha. Majike nilishapata. Dume, hakuna aliyewahi kumwona. Na bila dume, mtaalamu wa makumbusho alisema, hatuwezi kumtangaza kuwa nondo mpya.

Binti yangu naye alishachoka kunibembeleza. "Mama, baba hayupo tena. Umebaki kwenye jumba zima unaongea na wadudu. Njoo ukae kwangu."

"Nikimpata dume," nilimwambia, "nafunga virago siku hiyohiyo."

Kumpata dume kuna njia yake. Unalea kiwavi mpaka atoke nondo jike, unamtia kwenye kizimba cha chandarua, unamtundika nje kabla giza halijaingia. Jike hutoa harufu. Sisi binadamu hatuisikii, lakini madume huisikia toka mbali ajabu, wakaja. Jike wangu alitoka asubuhi ile. Kabla sijamfungia alinitembea mkononi, akapanda mpaka kwenye kola ya gauni, akakaa hapo kwa raha zake.

Niliporudi kutoka dukani nikakisogelea kizimba kibarazani.

Jike amekufa. Sisimizi walishamla tumbo.

Loo! Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Wala si kwa ajili ya mdudu, jamani. Niliangalia kile kiti cha pili hapo kibarazani, kiti cha marehemu mume wangu, ambacho tangu aondoke hakuna mtu aliyekikalia. Upweke usiuombe. Hata taa sikuwasha, nikaacha giza liingie linikute palepale.

Kisha...

Fffrrr.

Kitu kikanipita sikioni. Halafu kimya. Halafu ikaja harufu, ile ya sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi, ukilifunua kifuniko.

"Hodi," mtu akanong'ona.

Alikuwa amesimama chini ya ngazi. Mwanamume mrefu, mwembamba, koti la kijivu limemshuka mpaka miguuni. Hatua zake sikuzisikia. Na kokoto za njia yangu hata paka akipita zinalia.

"Karibu," nikasema. "Nani mwenzangu?"

"Nimeitwa."

"Umeitwa na nani?"

Akapanda, akakaa kwenye kile kiti.

Mtu mwenye akili zake angepiga kelele. Mimi sikupiga. Nitasema kweli, liwalo na liwe: nilifurahi. Nikaingia ndani, nikawasha taa ya jikoni, nikabandika chai. Nikatoa vikombe viwili, cha pili nikakitafuta kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kinakaa wapi.

Nikamwekea chai mbele yake. Mvuke ukapanda, ukaisha. Hakuigusa.

"Kunywa basi, mgeni. Inapoa."

Akageuza uso taratibu kuelekea mwanga wa dirishani.

Chini ya pua... ngozi.

Ngozi tupu, laini, toka shavu hadi shavu. Hakuna mdomo.

Na bado aliongea.

"Nimetoka mbali," ile sauti ikanong'ona, inatokea wapi sijui. "Nina usiku huu tu."

Akanyoosha mkono. Vidole vyembamba, vikavu, vikagusa kola ya gauni langu.

"Mbona ulichelewa kuniita?"

Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilizinduka kumekucha, shingo imekakamaa, kikombe chake kimejaa vilevile. Kwenye kola, vumbi la kijivu. Na kwenye kiti, nondo. Mabawa mapana kuliko kiganja changu. Doa jekundu. Dume!

Nilipiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Nilidhani ameshakufa. Nikachukua pini mpya. Ilipoingia kifuani, miguu yake yote sita ikaishika. Ikaishika kwa nguvu... kisha ikalegea.

Mtaalamu alinipigia siku alipoupata mzigo. "Mwalimu! Ndiye mwenyewe! Hongera sana!"

"Lakini jike alikuwa amekufa," nikamwambia. "Sasa huyu alimfuata nani?"

"Ah, harufu inaganda, mwalimu. Kwenye nguo, kwenye ngozi. Yaweza kukaa miaka. Alikufuata wewe!" Akacheka. "Masikini madume hao. Hawana mdomo, unajua? Hawali, hawanywi. Akishatoka kwenye kifuko chake anatafuta mwenzi tu, basi, anakufa."

Nikakata simu bila kuaga. Nikaenda kukiosha kile kikombe, na huko jikoni nikalia tena.

Binti yangu hanipi nafasi. "Mama, dume si umeshampata? Mbona hufungi virago?"

"Kesho, mwanangu," namwambia. Jana nilimwambia kesho. Leo pia.

Lile gauni sijalifua. Ndilo nililovaa sasa hivi. Giza linaingia, kokoto hazijalia, lakini ile harufu ya sanduku la nguo imeshafika kibarazani.

Kiti nimeshakifuta vumbi. Chai sijabandika.