Mawe ya Ukuta wa Bwana Hector

Chokaa ya ukuta ule mupya ilikataa kukauka. Majuma matatu ya jua kali, na kila adhuhuri ukuta ulitoa maji yenye harufu ya jasho la watu waliotembea siku nyingi.

Lilikuwa boma la mfanyabiashara wa watumwa, kwenye njia ya Kabambare, magofu tangu vita vya Waarabu. Bwana Hector, Mubeleji, alitaka kuligeuza nyumba yake. Fundi Emile ndiye alijenga. Mawe ya mtoni yalikuwa mbali, lakini kando ya njia kulikuwa na rundo kubwa, kaburi la watumwa walioangukia safarini. Kila mupita njia huweka jiwe pale, ili wafu wasimufuate. Emile akasema tuyachukue. Mimi ninayeandika, kibarua wake, niliyabeba, na Jumapili nikapokea Komunyo bila kuungama. Mungu anirehemu.

Binti ya Emile, Véronique, alifua nguo mule ndani. Siku moja alirudi akishika shingo.

« Baba, ukutani mule watu wanakohoa. »

« Ni popo, mama. »

« Popo wanauliza nani atawafungua? »

Emile akamwita mwalimu Assumani, muganga. Alitega sikio ukutani, akaruka nyuma.

« Emile, » akanong'ona, « jini iko inalala na wafu wale, weye umeiamusha. Bomoa. Kila jiwe lirudishwe na mukono uliolitoa. Ao itabeba mutoto. »

« Nikimwambia Muzungu, ni fimbo. »

« Basi chagua mugongo ao binti. »

Emile akachanganya chokaa tena. Akapaka chokaa ya pili, akapaka ya tatu, na adhuhuri tukasikia miguu ikiburuzwa na minyororo ikilia, na harufu ile ikatuingia mpaka kwenye ugali, na Véronique akazunguka uani shingo imeinama, kama aliyefungwa kwa mutu wa mbele na mutu wa nyuma, na hatukuona mutu.

Ndipo Emile akapiga magoti, akamwambia Bwana Hector yote. Bwana alicheka. Ukuta ulibaki, Emile akapata fimbo kumi na mbili, akatupwa njiani.

Véronique akatoka bomani, jiwe la ukuta mukononi, akielekea Kabambare.

« Vero! Mama! Ni mimi baba yako! »

Alipomufikia baba yake pale alipolala, aliinama, akaweka kando ya kichwa cha baba jiwe lile lenye chokaa mbichi, kama tunavyowawekea wafu wa njia ili wasitufuate, akaendelea na safari.