Uzi wa Kidole cha Fortunata

Kila asubuhi ya likizo ile ya Desemba, kazi ya kwanza ya Jenifer ilikuwa kuwakatia mbuzi majani, ya pili kufagia uwanja, na ya tatu kujisifu. Hiyo ya tatu hakutumwa na mtu. Tangu amalize darasa la sita alijiona mtu mzima kabisa, na pale kwao Vudee, juu milimani, wadogo zake walikuwa wamezisikia habari za ukubwa wake mpaka wamechoka.

Safari hii, lakini, alikuwa na sababu. Baba yake mdogo, Sadock, fundi umeme kule Mwanga, alikuwa anamwoa Fortunata siku ya Jumamosi. Fortunata alikuwa mwalimu wa watoto kanisani, na Jenifer alimpenda kupita kiasi. Pete ilikuwa inunuliwe kwa sonara mjini Same, ila bibi harusi hakuweza kushuka, maana nyumba yao ilikuwa imejaa wageni na masufuria. Basi kikasafiri kipimo cha kidole chake. Jumapili baada ya ibada, Fortunata alizungusha uzi mweupe kwenye kidole cha pete, akafunga kitanzi, akakivuta taratibu mpaka kikapita juu ya kifundo, kisha akakiweka kwenye kiganja cha Jenifer.

"Mpelekee sonara," alimwambia. "Nakuamini wewe."

Shangazi Hedwiga, dada yake Sadock, ndiye aliyekuwa ashuke na Jenifer kwenda kununua. Siku ya Jumanne, walipokuwa wanangoja gari, alitaka kukifunga kile kitanzi kwenye pindo la khanga yake kisipotee. Jenifer alikataa katakata. Aliyepewa ni yeye, alisema, si shangazi. Akakitia kwenye mfuko wa sketi, na humo humo akamimina karanga za maganda alizonunua pale kituoni.

Barabara ya kushuka ina kona nyingi, na kila kona ilikuwa na karanga zake. Jenifer alichota, akamenya, akatafuna, akarudisha maganda mfukoni. Mfuko ulipojaa, akayakomba maganda yote kwa mkupuo mmoja na kuyatupa nje dirishani. Wewe unayesoma umeshaanza kuhisi jambo. Jenifer hakuhisi kitu, alikuwa anaangalia mashamba ya mkonge kule bondeni.

Mjini waliingia kwanza kwenye duka moja lenye taa nyingi na vioo kila upande. Kijana aliyekuwemo alikuwa ameinamia simu yake. Aliwaambia wasiegemee kioo. Shangazi alipouliza habari za saa ya mkononi, kijana alitaja bei bila kuinua macho, kama anayemjibu nzi. Shangazi aliaga kwa adabu, adabu ambayo kwa kweli yule kijana hakuistahili, wakatoka.

Duka la pili lilikuwa dogo, nyuma ya soko, na mwenyewe alikuwa Mzee Swalehe, sonara mwenye kofia ya kufumwa na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliposikia hodi alisimama. Aliitikia shikamoo ya Jenifer, akawavutia viti, akawapa maji ya kunywa, na ndipo akauliza shida yao. Hata hivyo hakukimbilia kufungua kabati. Aliuliza bibi harusi ni nani, anafanya kazi gani, na kama wana zawadi nyingine ya kununua, ni ya nani.

Shangazi alieleza kwamba ndugu wamechanga wamnunulie pia saa baba yake Fortunata, na kwamba yeye ameipenda ile kubwa ya rangi ya dhahabu iliyokuwa inang'aa katikati ya kabati. Mzee Swalehe akauliza huyo baba anafanya kazi gani. Analima tangawizi, akajibiwa, na macho yake siku hizi ni ya shida. Mzee akaiacha ile ya dhahabu palepale, akatoa nyingine ya mkanda wa ngozi, yenye tarakimu kubwa, isiyoogopa maji, na tena ya bei nafuu.

"Ile ataifungia sandukuni," alisema. "Hii ataivaa."

Shangazi alicheka, akasema tangu azaliwe hajaona mfanyabiashara anayekataa pesa. Mzee alimjibu kwamba naye ni Mpare, na anawajua Wapare wenzake kwa kukumbuka. Ukimpunja mmoja leo, jioni mlima mzima una habari, na hata wajukuu watakuja kukudai. Walicheka wote watatu. Jenifer alijisikia vizuri kwenye duka lile, kama mtu aliyekaribishwa nyumbani.

Ikaja zamu ya pete. Shangazi alichagua moja ya dhahabu, nyembamba, iliyo laini pande zote, ila tundu lake lilionekana kubwa. Mzee alisema hilo si tatizo, ataikata kidogo na kuiunga iwe sawa na kidole. Akanyoosha mkono kuomba kipimo, na shangazi akageuka kuitazama tena ile saa.

Jenifer alitia mkono mfukoni. Mlikuwa na karanga moja na vumbi.

Palepale aliyaona yale maganda yakipepea nje ya dirisha. Angeweza kusema. Lakini je, aseme vipi, yeye aliyekataa pindo la khanga la shangazi? Aligeukia ukutani akijifanya anapekua, akavuta uzi wa bluu uliokuwa unaning'inia kwenye sweta yake ya shule, akaukata kwa meno, akaufunga kwenye kidole chake mwenyewe. Vidole vya Fortunata ni vyembamba kama vyangu, alijidanganya. Akakivua kitanzi na kumpa mzee.

Mzee Swalehe alikitazama kile kitanzi. Kisha akaitazama sweta. Kisha akamtazama Jenifer.

"Mjukuu wangu, hiki ndicho kipimo alichokupa bibi harusi?"

"Ndiyo, babu."

"Haya. Dhahabu si kitenge. Nikishaikata, kuirudisha ni kuitia kiraka." Akashusha miwani. "Hakuna jambo lingine la kuniambia?"

Jenifer alitikisa kichwa. Mzee akaitia pete na uzi kwenye bahasha ndogo, akamwandikia shangazi namba yake ya simu, akasema Sadock aipitie Ijumaa akitokea Mwanga.

Jioni ile nyumbani walikula makande, chakula ambacho Jenifer hajawahi kukiacha hata akiwa na homa. Alikiacha. Akilini alimwona Fortunata mbele ya kanisa, amenyoosha mkono, na pete imegoma kuingia, na watu wote wanakohoa kwa aibu. Fortunata aliyesema "nakuamini wewe." Alilala na jambo hilo, akaamka nalo.

Asubuhi alimkuta Shangazi Hedwiga jikoni anachochea moto. Alisema yote: karanga, maganda, dirisha, uzi wa sweta na ule uongo. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Shangazi hakumpiga wala hakumfokea, na hilo lilimuuma Jenifer zaidi. Alichukua simu akampigia Mzee Swalehe. Haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana.

"Pete ikishakatwa, maji yamemwagika," alisema shangazi. "Gari linashuka saa tatu. Kimbia kwa Fortunata ukachukue kipimo kingine, na umweleze mwenyewe kwa kinywa chako. Mimi sitakusemea."

Jenifer alikimbia mpaka mbavu zikambana. Alimkuta Fortunata uwanjani na wanawake wenzake, wanapepeta mchele. Alimwita pembeni na kumwambia. Fortunata alishika kiuno, akatazama juu, akashusha pumzi.

"Umenitisha, Jenifer. Ila afadhali umenitisha leo. Ungenitisha Jumamosi mbele ya mchungaji, sijui ningejificha wapi."

Kisha akacheka, akafuta mkono, akatafuta uzi. Jenifer alitazama kwa makini safari hii. Kidole kilikuwa chembamba kweli, lakini kifundo chake kilikuwa kinene, kifundo cha mtu aliyeshika jembe tangu utotoni. Kitanzi kilifungwa, kikavutwa juu ya kifundo, kikatoka. Jenifer alisema ahsante mara tatu, na ya tatu haikusikika kwa kilio. Fortunata alimsukuma bega na kumwambia atachelewa gari.

Kituoni alimpa shangazi kile kitanzi akitunze yeye. Shangazi alirudisha mikono nyuma.

"Aliyepewa ni wewe," alisema. Akachomoa pini kwenye khanga yake. "Ila mkubwa huomba msaada. Kibane na hii."

Wakakibana ndani ya blauzi, upande wa moyo, na njia nzima Jenifer hakuondoa mkono hapo.

Walipofika dukani Mzee Swalehe alikuwa amekaa mezani kwake. Mbele yake palikuwa na kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa ilikuwepo pete, nzima, haijaguswa, na kando yake ule uzi wa bluu. Jenifer alisahau hata shikamoo.

"Hujaikata, babu?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Jenifer akavuta kiti, akakaa. Alisema kosa lake lote bila kuficha kitu, na mzee alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza mteja mwenye pesa nyingi. Kisha akachukua kile kitanzi cheupe, akakiweka mezani, na kukiweka cha bluu ndani yake. Cha bluu kilizama humo chote na nafasi ikabaki.

"Pete ya kipimo hiki cha bluu ingetosha chini ya kidole," alieleza, "lakini isingefika huko. Mlango wa kidole ni kifundo. Anayepima kwa kukisia hupima chumba akausahau mlango."

Shangazi alitaka kujua aligunduaje. Mzee alisema aliuona uzi wa bluu, akaiona na sweta yenye rangi ileile, pindo lake limefumuka. Na simu yake iliisha chaji tangu usiku, umeme ulikuwa umekatika. Shangazi akauliza tena, kwa mshangao kidogo, kwa nini basi hakusema jana ileile.

"Nilimuuliza mara mbili," alijibu Mzee Swalehe. "Ningemuumbua mbele yako, angepata aibu, asingepata ukweli. Mtoto naye ni mteja wangu, na mteja hadhalilishwi dukani kwangu. Ningengoja mpaka kesho jioni, halafu ningekutafuta wewe. Lakini nilimwomba Mungu mtoto aje mwenyewe." Akamgeukia Jenifer. "Nina miaka arobaini kwenye kazi hii. Wengi walinidanganya vipimo, na pete zilipogoma walirudi kunigombeza mimi. Wewe umerudi kabla ya msumeno. Ahsante, mjukuu wangu. Umeniokolea kazi yangu."

Jenifer alikuwa amekuja kuomba radhi, na sasa anashukuriwa yeye! Alitaka kusema kitu kikubwa kama watu wazima, akashindwa, akasema tu, "Ahsante sana, babu." Alikuwa hajawahi kuitoa ahsante inayotoka mbali namna ile.

Mzee aliikata pete mbele yao, kipande chembamba kama ukucha wa mtoto, akaiunga kwa moto, akaisugua mpaka mshono ukapotea. Akaipitisha kwenye kile kijiti chake cha chuma cha kupimia, akailinganisha na kitanzi cheupe, na hakuitisha hata shilingi ya nyongeza. Ule uzi wa bluu alimrudishia Jenifer, akamwambia akashonee sweta yake kabla pindo lote halijaisha.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka nje. Sadock alipomvisha pete Fortunata, ilisita kidogo kwenye kifundo, na Jenifer akaacha kupumua. Kisha ikapita, ikakaa mahali pake. Fortunata aliinua macho, akamtafuta Jenifer kati ya watu, akamtabasamia yeye peke yake. Baba wa bibi harusi naye, kwenye benchi la mbele, alikuwa anaitazama saa yake mpya kila baada ya dakika mbili, na mara zote aliisoma bila kukunja uso.

Nje, wakati wa vigelegele, Shangazi Hedwiga alimshika Jenifer mkono.

"Umeona? Kupoteza uzi si dhambi, hata mimi nimepoteza vingi. Kosa lilikuwa kuliziba pengo lake kwa uongo. Ukikosea, sema mapema, wakati dhahabu bado haijakatwa. Hapo watu wana nafasi ya kukusaidia, na wengi watakusaidia. Huo ndio ukubwa, mwanangu, si kubeba vitu."

Jenifer aliitikia kwa kichwa. Kisha akaomba ruhusa ya jambo moja, na shangazi akakubali.

Jumatatu iliyofuata walishuka tena Same. Jenifer alikuwa amepakata kikapu cha tangawizi cha kumzawadia Mzee Swalehe, kutoka shambani kwa baba yake Fortunata, na Fortunata sasa alimwita mama mdogo. Alikishika kwa mikono miwili kona zote. Na kabla gari halijaondoka kituoni, mwenye karanga alipopita akimwita kwa jina, alimshukuru na kumwambia leo hapana.