Nilizima Stima Ili Mama Mkwe Asiwashe Feni

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Nina mume, watoto watatu na duka la nguo hapa sokoni Masii. Kanisani naimba kwaya, na kwenye vyama vya akina mama huwa nachaguliwa bila kupingwa. Ukinikuta siku ya soko nikicheka na wateja utasema huyu mama amebarikiwa... Nakuomba usinipongeze kabla hujasoma mpaka mwisho.

Jambo hili limenikaa kifuani tangu miaka ile simu za mkono zilipoanza kuingia huku kwetu. Nimeliombea, nimelifungia, nimejaribu kulisahau. Wapi! Leo nalitoa mbele yenu wasomaji wenzangu, na wa kunitukana anitukane.

Mume wangu, nitamwita Kioko, alikuwa akifanya kazi kwenye bohari la kuhifadhi nyama kule Athi River. Alikuja nyumbani mwisho wa wiki. Mimi nilibaki na watoto pamoja na mama yake mzazi, mjane mpole ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

Mwaitu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Asubuhi na jioni alijidunga sindano ya insulini bila kulalamika hata siku moja. Dawa hiyo haitaki joto, na nesi wa zahanati alikuwa amemfundisha kuiweka ndani ya chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga uliolowa maji, pale kwenye kona ya nyumba yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, na paa lake lilikuwa la nyasi, nene, lililoezekwa na marehemu mumewe. Ungeingia mle mchana wa Februari, jua likipasua mawe nje, ukajihisi umekaa kando ya mtungi wa maji. Watoto wangu walikuwa wakitoka shule wanakimbilia huko, na huko huko wanasinzia.

Mimi niliichukia nyumba ile!

Akina mama tulikuwa na chama cha mabati. Tulichanga, na zamu ya mtu ikifika tunamnunulia mabati, kisha tunaenda wote kwa nyimbo na vigelegele kuliona boma lake. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Sasa fikiria, mwenyekiti wa chama cha mabati, na katikati ya boma lake kuna paa la nyasi! Wenzangu walinitania mpaka basi. Mmoja aliniuliza kama mle ndani analala mama mkwe au wanalala kuku. Nilicheka nao, lakini moyoni niliumia vibaya.

Nyumba yetu kubwa ilikuwa na mabati mapya tayari, na hapo pia lazima niseme ukweli. Kioko alikuwa amenisihi tuweke silingi, yaani dari ya mbao chini ya mabati, na tulipake paa rangi nyeupe. Alisema kule kazini tajiri wao alipaka paa la bohari rangi nyeupe, na tangu siku hiyo mashine za baridi hazihangaiki tena, hata bili ya stima imeshuka. Nilimcheka. Paa jeupe, kwani sisi ni zahanati? Nilitaka rangi ya damu ya mzee kama nyumba za walimu zilizo kando ya barabara. Pesa za silingi nilinunulia makochi na kabati la vioo. Kioko ni mtu wa maneno machache, akaniachia.

Basi zamu yangu ya chama ikafika. Mwaitu alikuwa ameenda Wamunyu kumtazama binti yake aliyejifungua. Nikaona Mungu amenifungulia njia. Nikaita mafundi, wakaezua nyasi zote, wakapiga mabati. Nyasi zile nilizichoma mwenyewe nyuma ya choo. Silingi? Nani aweke silingi kwenye nyumba ya mwanamke mzee!

Alirudi siku ile ile wanachama walipokuja. Alisimama mlangoni na kikapu chake, akaangalia juu... akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaweka kikapu chini, akacheza nasi. Angefanya nini? Mbele ya wanawake wa kijiji kizima, mama mkwe atakataaje zawadi ya mke wa mwanawe? Angekuwa amenivua nguo hadharani. Alinishika mkono akaniombea baraka, na mimi nikapokea.

Baada ya wiki chache alinijia taratibu. Alisema mchanga wa chungu haukai tena na maji, unakauka kabla ya saa sita, na chupa ya dawa ukiishika ina joto la mkono. Nilimjibu kwa maringo:

“Mwaitu, uko na friji hapa na bado unaniongelesha maneno ya chungu?”

Alishukuru. Dawa ikahamia kwenye friji yangu, friji kuukuu tuliyoinunua kwa mtu, mlango wake ukifungwa kwa kupigwa goti.

Lakini si dawa peke yake iliyohama. Mwaitu mwenyewe hakuweza kukaa kwake mchana. Jua likishika mabati, mle ndani hamkaliki. Akawa anakuja sebuleni kwangu na kuwasha feni. Na kwangu nako kulikuwa na nafuu gani? Mabati matupu yenye rangi nzito, hayana chochote chini yake! Feni mbili zilizunguka kutwa, nayo friji ilinguruma bila kupumzika. Bili ilipokuja, Kioko alishika kichwa. Kwa upole wake akarudia yale yale, silingi na rangi nyeupe.

Ningekubali siku hiyo, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini kukubali kungekuwa kusema kwamba nilikosea, na mimi sikuwa na mdomo wa kusema hivyo. Nikatafuta mwenye makosa mwingine. Nikampata amelala kwenye kochi langu jipya, leso usoni, feni ikimpepea!

Swichi kubwa ya stima ya nyumba yetu iko chumbani kwetu. Nikaanza kuizima kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, nafunga chumba na ufunguo natia kwenye mkoba. Jioni nikirudi nawasha. Kwa Mwaitu na kwa watoto nikasema stima imepotea.

Siku moja alinifungulia lango, jasho likimtiririka, akaniita mwanangu kwa Kikamba chake, akasema:

“Mwana wakwa, hii stima yenu iko na tabia ya ajabu. Inapotea mchana tu, wakati jua ni kali.”

Nikamwambia ni mgao. Nilimwambia hivyo nikiwa namtazama machoni.

Sasa mtaniuliza, hukujua friji nayo imezimika? Nilijua! Nijidanganye mpaka lini? Nilijiambia friji hushika baridi. Jioni nilikuwa nazungusha kile kitufe chake mpaka mwisho ili ifidie saa ilizopoteza. Asubuhi moja nikafungua na kukuta chupa ya dawa ya Mwaitu imeganda barafu. Niliikumbatia kwa viganja mpaka ikayeyuka, nikairudisha mahali pake. Alipokuja kujidunga sikumwambia kitu. Alinishukuru kwa kumtunzia.

Bili ilishuka. Kioko alinisifu, akasema sasa najua kuendesha nyumba. Na mimi nikatabasamu!

Haukupita muda Mwaitu akaanza kukonda. Akawa anakunywa maji bila kushiba, anaamka kwenda haja mara kwa mara, macho yanafifia. Mwiba ukamchoma mguuni akiokota kuni, kidonda kikakataa kupona. Kilipoanza kunuka, nilimpeleka hospitali Machakos.

Nesi alimpima sukari, akashangaa. Aliuliza kama anajidunga kila siku. Anajidunga, nikasema, namwona kwa macho yangu. Akauliza dawa inakaa wapi. Nikasema kwenye friji. Akatueleza kwamba dawa hiyo ikipata joto jingi inaharibika, na ikiganda hata mara moja ni ya kutupwa, ni sawa na kujidunga maji. Kisha akaniuliza kama kwetu stima inakaa wakati wote.

Wasomaji, mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu, na mama yule angepewa dawa mpya siku hiyo, na daktari angejua anatibu nini. Nikasema stima iko wakati wote.

“Basi anakula nini huyu mama?” nesi akauliza.

Na mimi nikajibu kwamba anapenda ndizi mbivu na chai ya sukari, tena anajificha.

Mwaitu alikuwa amekaa hapo hapo kando yangu. Hakunipinga. Alinigeukia, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, kisha akainamisha kichwa.

Dawa wakaiacha ile ile, wakamkataza vitamu. Kioko alipokuja mwisho wa wiki nilimweleza vivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akimfokea mama yake. Alimwambia anajiua mwenyewe na anataka kutuaibisha. Nikafunga sukari kabatini. Watoto nikawaagiza wamchunge nyanya yao asiguse ndizi, na wakawa wanamfuata mpaka jikoni na kumpekua kikapu. Mwanamke aliyemlea baba yao! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Swichi niliacha kuizima, kwa sababu niliogopa. Lakini chupa za zamani sikuzitupa, maana ningezitupa ningesemaje? Alizimaliza hizo hizo, maji matupu, huku kidonda kikipanda. Mwishowe madaktari wakamkata mguu chini ya goti.

Baada ya kutoka hospitali tulimlaza chumba cha watoto. Siku moja nilikuwa nambadilisha shuka akanishika mkono. Nilidhani anataka maji.

“Mwana wakwa, unisamehe,” alisema. “Nimewasumbua sana. Mimi sikumbuki hizo ndizi, lakini pengine nilikula. Uzee uko na mambo yake.”

Jamani! Alikuwa ameuamini uongo wangu. Alikuwa amekaa na mguu wake uliokatwa, akajipekua, akakosa kosa, akalikubali hivyo hivyo kwa sababu mimi nilisema. Na mimi niliyezaliwa na mdomo mrefu namna hii, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia yaishe. Yaishe! Kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Hakufika mvua za mwezi wa kumi na moja. Kwenye mazishi nililia kuliko watu wote, mpaka wanachama wakanishika mabega wakisema mke wa mwana wa namna hii hapatikani tena. Kila neno lao lilinichoma.

Baada ya matanga Kioko hakuniuliza tena. Alinunua mbao, akaweka silingi nyumba zote mbili, akaacha matundu ya hewa kwenye ukingo, akapaka mapaa yote rangi nyeupe. Mchana wa kwanza wa jua nilikaa sebuleni nikingoja joto. Halikuja. Feni zikabaki kupata vumbi, friji ikatulia. Bili iliyofuata ilikuwa chini hata ya zile za wakati nilipokuwa nazima swichi! Nilienda bafuni nikafunga mlango, nikajipiga kifua kwa ngumi. Kumbe ilikuwa rangi na mbao tu... Kwa rangi na mbao mama wa watu angekuwa na mguu wake, na angekuwa hai.

Niliishi na siri hiyo miaka mingi ndani ya nyumba yenye baridi nzuri. Wageni wakiingia kutoka juani wanasema, “Aki kwenu kuko poa!” Mimi nawakaribisha chai.

Mwaka huu nilishindwa. Jumapili moja tukitoka kanisani nilimketisha Kioko nikamweleza yote, swichi, barafu, ndizi. Nilitarajia anipige. Nilitarajia anifukuze, na nguo nilikuwa nimezikunja tayari. Hakuinua hata sauti. Aliangalia viatu vyake, kisha akasema:

“Mama aliniomba msamaha kabla hajafa. Nikamwambia nimemsamehe, lakini asirudie tena.”

Halafu akalia. Sijawahi kumwona mume wangu akilia hivyo, hata kaburini. Tangu siku hiyo analala kwenye nyumba ya mama yake. Chakula changu anakula na salamu zangu anaitikia, lakini jina langu hajalitaja tena. Simlaumu. Mama aliyepaswa kuombwa msamaha alikufa akiuomba yeye, na hilo mimi siwezi kumrudishia.

Dada zangu mnaojenga, nawasihi. Mabati si mabaya, lakini usimwezekee mtu paa kwa ajili ya macho ya majirani. Muulize anayelala chini yake. Weka silingi, acha hewa ipite, paka rangi nyeupe, wakucheke wakichoka wataacha. Na dawa ya mgonjwa ikiharibika mikononi mwako, itupe na useme.

Na kama leo nyumbani kwako kuna mtu anayebeba kosa ulilolifanya wewe, usingoje kupata ujasiri kama nilivyongoja mimi. Weka gazeti hili chini, nenda umwambie angali anasikia.