Mashine Aliyoacha Ruot

Mimi sitii chumvi. Mkinibishia, nendeni Lodwar mkamuulize rafiki yangu Ekidor, fundi wa vyuma ambaye Turkana nzima humpati mwenziwe, ukiniondoa mimi. Mwaka wa tisini na sita aliitwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, na Nyakuoth, mjane wa Ruot. Mashine ya kukereza aliyoacha mumewe ilikuwa ikiyumbisha kila chuma.

"Ejok, shemeji," Nyakuoth akamlaki kwa salamu ya Kiturukana. "Umeleta ufundi ama umeleta kofia tu?"

"Kofia ni ya jua, mama. Ufundi uko mkononi."

Ekidor akabana nondo nyoofu kwenye taya za mashine, akaweka saa ya kupimia, ile ambayo sindano yake huruka chuma kikiyumba, akazungusha kwa mkono. Sindano ikaruka. Akaigeuza nondo nusu, akabana tena, sindano ikaruka palepale. Basi nondo haina kosa. Akang'oa taya, akauwekea saa mhimili wenyewe unaozizungusha, maana huo ukiwa umepinda, mashine ni chuma chakavu, na watoto wa Ruot hawana kingine.

Upepo wa vumbi ukavuma, wakafunga mlango. Giza likajaa, mabati yakalia. Ekidor akawasha tochi. Mhimili umetulia, hakuna aliyeugusa, lakini sindano inapanda na kushuka polepole: fupi mbili, ndefu moja.

Nyakuoth akaziba mdomo. "Alipumua hivyo hospitalini. Mpaka mwisho."

Akaegemeza shavu kwenye chuma. "Ruot, pumzika sasa. Watoto nitawalea."

Sindano ikapanda mara moja, ndefu, ikashuka kwenye sifuri. Ekidor akauzungusha mhimili kwa mkono, akazungusha tena. Sindano haikusogea; mhimili haukuyumba tena.