Jicho la Nyamohanga

Walishika sanamu moja kwa wakati mmoja, Bhoke kichwani, mwanamume yule miguuni.

Ilikuwa siku ya soko mjini Migori, mbele ya turubai la toi za mitumba, pale akina mama wanapochokora kuwatafutia watoto gari lenye angalau magurudumu matatu. Bhoke alikuwa amechuchumaa, sketi yake ya buluu ameikusanya magotini. Alitoka kibandani anakofuma masweta ya shule kwa mashine, na vinyuzi vya rangi ya damu ya mzee vilikuwa vimemganda kifuani. Mwanamume alivaa ovaroli yenye madoa ya kila rangi, ila viatu vyake viling'aa kama vya mchungaji.

"Madam, hii niliiona kwanza," mwanamume akasema.

"Kuona si kushika."

"Na mimi si nimeshika?"

"Umeshika miguu. Mwenye kichwa ndiye mwenye mtu."

Akacheka, akaachilia. Ilikuwa sanamu ya plastiki yenye urefu wa shibiri, mmoja wa wale mashujaa wa katuni ambao mikono na magoti yao hugeuka. Rangi ilikuwa imebabuka na mkono mmoja ulining'inia.

"Mtoto wako ana bahati," akasema.

"Sina mtoto. Nataka kuipaka rangi upya, iwe mtu mwingine."

Mwanamume akamtazama tena, sasa vizuri. Aliitwa Motari, Mkisii aliyepiga magari rangi katika gereji moja Homa Bay. Jioni, rangi iliyobaki aliitumia kwa toi zilizotupwa. Alimwonyesha picha kwenye simu: shujaa wa katuni aliyegeuzwa mama wa samaki mwenye beseni kichwani, na mwingine aliyegeuzwa mtu wa boda.

"Wewe umeshafanya ngapi?" akauliza.

"Moja. Nilitumia rangi ya kucha."

"Ikawaje?"

"Mpaka leo inanata. Inzi akitua haondoki."

Motari akacheka mpaka mwenye turubai akageuka. Kisha akaomba nambari ya simu, kwa ajili ya masomo, akasema.

Simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za rangi tupu.

"Umeiosha na sabuni?"

"Nimeosha, mwalimu."

"Umeisugua na msasa, ule laini?"

"Nimesugua."

"Sasa rangi ya chini, ile praima, mpenzi, halafu..."

Mikono ya Bhoke ikasimama kwenye mashine, simu ameibana begani.

"Praima nani?" akauliza hatimaye.

"Praima tu."

"Nilisikia kama ina jina la pili."

Tangu siku ile jina la pili halikufichwa tena. Motari alimfundisha kuchovya mkono wa plastiki katika maji moto ulainike ndipo urudi mahali pake. Alimfundisha kuzimua rangi na tina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, apake tabaka jembamba, angoje likauke, apake jingine. Rangi nzito huziba vidole, alisema, mtu akabaki na viganja kama vijiko. Macho yawe ya mwisho, kwa ncha ya kijiti cha meno.

Jumamosi alikuwa Msabato, haonekani. Jumapili alishuka Migori, shati limepigwa pasi, wakala omena kwa ugali wakibishana kuhusu rangi ya ngozi za watu wao wa plastiki. Scovia, msusi wa kibanda cha pili, aliwatazama kwa jicho la pembeni.

"Bhoke wangu, angalia huyo fundi asikupake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Hana mafuta. Ana tina tu," Bhoke akajibu, lakini uso wake ulikuwa umeshamsaliti.

Kitu kimoja hakumwambia Motari. Sanamu ile alikuwa anaigeuza kuwa baba yake, Nyamohanga, aliyechimba dhahabu kule Macalder na kufa kwa ugonjwa wa kifua Bhoke akiwa bado msichana mdogo. Jiwe lilimpiga usoni shimoni, na tangu hapo ukope wa jicho moja haukuinuka tena. Picha pekee iliyobaki nyumbani ilipigwa kabla ya jiwe. Mtu wa kwenye picha, mwenye macho mawili angavu, Bhoke hakuwahi kumjua. Baba aliyemjua yeye alikuwa yule wa jicho lililolala, mwenye kofia, gambuti na suruali iliyokunjwa mguu mmoja. Aliona haya kusema hayo kwa mwanamume anayempenda. Mtu mzima, anajitengenezea baba wa plastiki!

Alimaliza jicho lile kwa kubana pumzi. Lilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake ambayo hakutaka kuifumua.

Ilibaki vanishi ya kulinda rangi tu, na vanishi nzuri ya kupuliza ilikuwa gerejini kwa Motari. Bhoke akampa sanamu ndani ya boksi la viatu.

Juma lililofuata alikwenda Homa Bay kuichukua. Alivaa gauni la kitenge la manjano na viatu vya kuazima kwa Scovia. Motari alimpeleka kwenye hoteli iliyotazama ziwa, upepo ukipeperusha vitambaa vya meza, akaagiza samaki mzima, kisha akasogeza boksi mbele yake kama mtu anayetoa pete.

"Fungua. Kuna kitu kidogo nimekurekebishia, sweetheart."

"Kitu gani?"

"Jicho moja lilikuwa limeporomoka. Ni kawaida kwa anayeanza, mkono huchoka. Nikalinyoosha kabla ya kupuliza vanishi."

Bhoke akafunua. Mwanamume mwenye sura nzuri, macho mawili wazi, alimtazama kutoka kwenye boksi. Hakumjua.

"Umependa?" Motari akauliza.

"Ni mzuri."

"Mbona unasema hivyo?"

"Kichwa kinaniuma. Wacha nirudi nyumbani."

"Bhoke, samaki bado..."

Alikuwa ameshasimama. Samaki alipofika, meza ilikuwa na mtu mmoja.

Motari alipiga simu siku ile, na kesho yake, na siku nyingi zilizofuata. Ujumbe wake ulikuwa mfupi na wa kuomba: nimekosa wapi, mpenzi, niambie tu. Bhoke aliusoma akiwa mashineni, mikono ya masweta ikatoka haifanani. Sanamu aliigeuza uso ukutani.

Ni Scovia aliyechoka. "Mwambie basi kosa lake. Hata mwizi husomewa shtaka."

Simu ilipolia tena, Bhoke akaishika.

"Asante kwa kushika," Motari akasema polepole. Nyuma yake nyundo ziligonga mabati. "Nilikosea wapi?"

"Ulifuta jicho la baba yangu."

Mlango ukafungwa upande wa pili, nyundo zikafifia. Bhoke akamweleza yote, jiwe, ukope, ile picha ya mtu asiyemjua. Motari hakumkatiza.

"Hukuniambia," akasema mwishowe, bila ukali.

"Hukuuliza."

"Ni kweli, sikuuliza. Kazi yangu ni mabati yaliyobonyea, Bhoke. Nikiona palipobonyea, mkono unaenda wenyewe. Sikujua pale palikuwa na mtu."

"Niliogopa utanicheka."

"Mimi ndiye wa kuchekwa. Nikipuliza ile vanishi nilikuwa naongea naye. Nilimwita shemeji. Kumbe ni mkwe."

Bhoke akauma mdomo. Hakutaka kucheka, na hakucheka, lakini Motari alisikia pumzi yake ikibadilika.

Jumapili Motari alikuja kibandani. Aliweka mezani brashi nyembamba na kipande cha msasa laini, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, mikono magotini. Bhoke mwenyewe akasugua vanishi kidogo kidogo, akakwangua na sehemu ya pua bila kutaka, akashusha ukope wa jicho la kushoto upya. Haukuwa sawa na ule wa kwanza. Alimwangalia Motari. Motari alitamani kusema jambo, ilionekana shingoni, lakini akangoja.

"Sema," Bhoke akamwambia.

"Anafanana naye?"

"Kidogo."

"Basi mimi sina la kuongeza."

"Twende ukamwone mama," Bhoke akasema.

Mama yake alikuwa nje ya nyumba, upande wa Kehancha, akipukuchua mahindi, leso imefungwa juu ya sweta lililofumwa na bintiye. Alianza kwa Kikuria, kisha akamwona mgeni akageukia Kiswahili. Bhoke alimpa sanamu bila maelezo. Mama akaigusa kofia, akashuka kwenye suruali iliyokunjwa, akafika kwenye gambuti. Vidole vyake vilikaa pale muda mrefu.

"Baba yako," akasema.

Mama akakipandisha kidole mpaka usoni mwa sanamu.

"Lakini jicho lilikuwa la kulia."

"La kushoto, mama."

"Mimi ndiye nililikanda kwa maji moto, Bhoke. La kulia." Aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake chumvi ilipo.

Joto likampanda Bhoke shingoni. Simu zote alizokataa, samaki aliyeachwa apoe, yote kwa ajili ya jicho ambalo hata yeye hakulikumbuka. Alimgeukia Motari, akitarajia kuona tabasamu la kumcheka, na yeye angestahili kuchekwa. Motari alikuwa ameinama, anaokota punje za mahindi zilizoruka, moja moja, anazirudisha kwenye karai.

"Nilipake tena, mama?"

"Wacha. Suruali ni yake. Na hivyo alivyosimama, kama mtu anayetaka kuondoka lakini chai haijaiva. Hivyo hivyo." Mama akaiweka mapajani, juu ya mahindi, akamtazama mgeni. "Na wewe, baba, ni mtoto wa nani?"

Motari akajibu, akataja baba, babu na kijiji cha kwao, kwa heshima, bila haraka.

Jioni Bhoke alimsindikiza mpaka barabarani.

"Mbona hukucheka?" akamuuliza.

"Ningecheka nini? Wewe ulikosa jicho. Mimi nilimkosa mzee mzima."

Ndipo Bhoke akacheka yeye, akacheka mpaka akaketi kwenye jiwe kando ya barabara, na kicheko kikageuka kilio alichokuwa amekibeba tangu akiwa na sare ya shule. Motari akaketi chini karibu naye, suruali yake safi juu ya vumbi, asimnyamazishe wala kumfuta machozi, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Nataka kuja na wazee wangu," akasema. "Si leo. Unasemaje?"

"Mama amekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Huwa haulizi watu wanaopita njia."

"Nilimsikia mama. Nakuuliza wewe."

Bhoke akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Wanawake waliotoka mtoni na mitungi walikuwa wanakaribia, na wote walimjua tangu utotoni. Akasimama, akamshika Motari mkono mbele yao.

"Waje baada ya mavuno," akasema. "Na uwaambie wapande magari mapema. Barabara ya huku ni ndefu."