Vipimo vya Mama Byamungu

Soko la Jabe siku ya Jumamosi halina adabu. Utakanyagwa, utasukumwa, utaitwa sheri, yaani mpenzi, na muuza nyanya usiyemjua, na kabla hujajibu utakuwa umeshanunua. Olga alikuwa mbele ya meza ya vitenge, akibishana na muuzaji juu ya kitambaa cha bitana, aliposikia sauti ya kiume nyuma yake ikiuliza kwa uchungu:

"Nani alikugusaka hapa kiunoni?"

Aligeuka akiwa tayari kutukana. Gauni alilovaa lilikuwa la kitenge cha kijani chenye maua ya njano, shingo pana, mikono ya puto. Na aliyelishona ndiye huyo aliyeuliza: Byamungu, fundi cherehani, mrefu vilevile, shati jeupe limepigwa pasi, futi kamba shingoni hata siku ya soko. Walikuwa hawajaonana miaka miwili.

"Bonjour kwanza," Olga alisema. "Halafu ndiyo uulize."

"Bonjour. Nani alikata hii gauni?"

"Nilipunguka. Nikapeleka kwa fundi mwingine kule Mutanga."

"Kafundi ka wapi hako! Angalia mshono, unatembea kama mulevi."

"We ulinifukuza, Byamungu. Ulitaka nitembee na gauni inaanguka?"

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na hawa wawili walikuwa wamekohoa mbele ya soko zima. Muuza vitenge alikwisha kuweka bitana chini ili asikilize vizuri.

"Njo tunywe chai," Byamungu alisema hatimaye. "Dakika kidogo tu, sheri."

"Usiniite sheri."

"Basi njo, Olga."

Akaenda. Angekataa vipi? Miaka miwili alikuwa akipita njia ndefu ili asiione atelie, chumba cha kushonea, ya mwanamume huyu, na kila alipopita njia ndefu alikuwa akiifikiria.

Penzi lao lilikulia humo atelieni, wakati Olga alipomaliza masomo ya kompyuta na mama yake Byamungu alipoanza kuugua. Mama huyo alitoka Bukavu na cherehani moja, akashonea nusu ya jiji, na hakuwahi kuandika kipimo hata kimoja. Vyote vilikuwa kichwani. Figo zilipomlaza, Byamungu alishika mikono ya Olga akamwambia: "Mama akienda, atelie yote inaenda naye. Nisaidie."

Olga akatengeneza programu. Hifadhidata yake haikuhitaji seva wala intaneti. Ilikuwa faili moja tu, imekaa ndani ya kompyuta ya Byamungu, kando ya programu yenyewe. Kila alasiri Mama aliegemea mto akisema, Olga akiandika, na Byamungu akishona huku akijifanya hasikii.

"Andika," Mama angesema. "Mama Dorothée wa Kiriri. Kiuno, ongeza sentimita mbili kwa ile anasemaka. Usimwambie."

"Na hiyo pia niandike, Mama?"

"Hiyo ndiyo kipimo, mutoto wangu. Namba, kila mutu anaweza kupima."

Alasiri zile zilikuwa tamu. Chai ya tangawizi, harufu ya pasi ya mkaa, kicheko cha mama mgonjwa anayewasengenya wateja wake kwa upendo. Olga hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu hapo.

Mama alifariki wakati wa mvua. Siku ya matanga, majirani waliomba kusikia maneno yake yale ya kuchekesha. Byamungu akafungua programu mbele yao wote. Tupu. Hapakuwa na jina hata moja. Na kwa bahati mbaya, asubuhi hiyohiyo yeye na Olga walikuwa wamegombana. Msichana aliuliza habari za ndoa yao siku isiyofaa, akajibiwa vibaya.

"Ulinikasirikia mimi," Byamungu alisema, na watu wote wakasikia, "ukamufuta mama."

Olga alinyoosha mkono aguse kompyuta. Byamungu akaifunga. Msichana akatoka katikati ya waombolezaji waliokuwa wakimtazama miguu, akafika nyumbani akaizuia namba ya Byamungu kwenye simu yake. Hasira hasara, na hapo walikula hasara wote wawili.

Sasa walikuwa wamekaa kwenye benchi la muuza chai, mandazi katikati yao hayajaguswa.

"Bado unaamini ni mi nilifuta?" Olga aliuliza.

"Sijuwe. Nikikukasirikia, naamini. Nikikukumbuka, siamini."

"Na unanikumbukaka?"

"Kila siku ya Mungu." Alikoroga chai isiyo na sukari. "Ile siku sikutaka wageni wanione niko natafuta-tafuta. Asubuhi nikaitoa ile aplikasyo kwa dosye yake, nikaiweka mbele kwa ekra. Nikafungua, yee, hakuna kitu."

Olga aliweka kikombe chini.

"Ulifanya nini? Rudia."

"Niliitoa kwa dosye. Nikaiweka mbele."

"Yoo! Byamungu!"

Muuza chai alishtuka. Olga alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliona kila kitu kwa pamoja, kama mtu aliyewashiwa taa. Wakati ule, kwa haraka ya mapenzi, aliandika muunganisho wa hifadhidata kwa jina la faili tu, bila kutaja njia nzima ya kuifikia. Programu ya namna hiyo hutafuta faili palepale ilipo. Ukiitoa kwenye folda yake, ile dosye ya Byamungu, ukaiweka mbele kwenye skrini, inatafuta kwenye makao mapya. Isipoikuta, hailalamiki, inaunda nyingine mpya isiyo na kitu ndani.

"Kosa ni langu," alisema. "Lakini siyo lile ulinishitaki. Mama hakufutwa, sha. Aplikasyo ilihama, yeye akabaki. Mashini ya kompyuta iko wapi?"

"Iko kwa atelie. Nilishindwa kuiuza, nilishindwa kuiwasha." Alisukuma kikombe kando. "Olga, usinipe tumaini ya bure. Nilishamuzika mara mbili."

"Twende."

Atelie, palepale Jabe, ilikuwa vilevile, isipokuwa mto ule haukuwapo. Kompyuta ilikuwa chini ya meza ya kukatia, imefunikwa kipande cha kitenge. Ilichukua muda kuamka. Byamungu alisimama mlangoni, mgongo umegeuka, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kutazama.

Olga alifungua dosye ya zamani. Faili ilikuwepo. Akafungua programu, akarekebisha anwani ya muunganisho, safari hii akiandika njia yote kuanzia mwanzo wa diski hadi jina la mwisho, neno kwa neno. Akabonyeza. Majina yakajaa skrini.

"Khadidja," alisoma kwa sauti. "Mikono mirefu. Anaogopa baridi kuliko zambi."

Byamungu hakugeuka.

"Papa Anselme jirani. Bega ya kushoto imeshuka. Ukimwambia, atabisha."

Hapo fundi akacheka, na kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio. Alilia wazi, bila kuficha uso. Olga alimwacha kwanza. Kisha akasimama, akamkumbatia, naye akalia, maana yule mama alikuwa amemwita mutoto wangu.

"Nisamehe, mukunzi, mpenzi wangu," Byamungu alinong'ona.

"Apana."

"Apana?"

"Ulinitukana mbele ya watu. Siwezi kusamehe nyuma ya pazia."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, shangazi yake Olga, Mama Dative, aliona msafara ukiingia uwanjani kwake Mutanga Nord. Mbele alikuwa Byamungu katika koti jeusi, nyuma yake Papa Anselme, jirani aliye fundi viatu, na majirani wengine waliokuwa kwenye matanga yale. Walibeba kreti mbili za bia.

Papa Anselme alisimama, bega la kushoto chini kidogo.

"Mama Dative, tulisikia huyu kijana anasema uongo juu ya binti yako. Tulinyamaza. Leo tumekuja kusikia anasema ukweli."

Byamungu akasema yote, jina kwa jina, kosa kwa kosa, mbele ya masikio yaleyale. Alipomaliza alikuwa ametoa jasho.

"Ego, ndiyo," Mama Dative alisema. "Kreti ya msamaha naiona. Ile ya pili ni ya nini?"

"Ile, Mama..." Alimtazama Olga, aliyevaa gauni jekundu ambalo halikupitia mikono ya fundi yeyote wa Jabe. "Ile ni ya kumuomba yeye. Mama yangu hayupo wa kunisemea. Nimekuja na hawa."

Mama Dative, ambaye hapendi kuharakishwa, alikunja mikono.

"Tuanze na ya kwanza. Ya pili ikae ndani. Mwakani tutaona."

"Apana, shangazi," Olga alisema, akainuka. "Miaka miwili imenitosha."

Alikwenda kwenye kreti ya pili, akatoa chupa, akaifungua mwenyewe, akamimina glasi ya kwanza akampa shangazi yake kwa mikono miwili. Mama Dative aliitazama ile glasi, akamtazama binti, kisha akainywa yote, na kuinywa ndiko kukubali posa. Papa Anselme akaanza kupiga makofi, na Byamungu, aliyekuwa bado amesimama, akatafuta pa kukaa.